Siku moja kwenye mteremko ulioungua

Saa 11 alfajiri. Nimeamkia kambi ya Mandara, mlimani Kilimanjaro, mita 2,700, vidole vimekufa ganzi. Wagumu, wale wabeba mizigo, wameshawasha jiko. Nimekunywa uji, nikabeba misumari, saa ya kuhesabia sekunde na chupa ya maji. Kazi yangu ni kupima udongo.

Saa 2 asubuhi tuko kwenye kipande cha erika, miti ya majani madogo ya juu mlimani, kilichoungua mwishoni mwa kiangazi. Kabla ya moto, miti hii na zile ndevu za kijani matawini mwake ilikamua maji kwenye ukungu hata siku isiyo na mvua. Sasa ni vijiti vyeusi. Watu wa Moshi tunakumbuka mlima ulivyowaka Oktoba 2020, kisha tena Oktoba 2022. Mimi naogopa zaidi wiki zinazofuata moto, vuli ikianza.

Saa 4. Nimepiga magoti, nimekwangua majivu. Tone la kwanza limenywewa papo hapo. Nikafukua kina cha vidole viwili, nikadondosha lingine. Likakaa. Likajiviringa kama shanga, vumbi likalipanda mgongoni, nami nahesabu. Tone likizidi sekunde 5, huo ni udongo unaokataa maji. Hili lilikaa dakika mbili na ushee! Majani makavu yakiungua, nta iliyomo hugeuka mvuke. Sehemu ya mvuke huo hushuka udongoni, ukikuta ubaridi unaganda na kuzipaka chembe. Juu utadhani pazima, kumbe chini pamesakafiwa.

Kijana ninayefanya naye kazi akauliza, "Sasa kaka, mvua itaenda wapi?"

Jibu likaja saa 8 mchana. Nusu saa tu ya mvua. Maji yakaloweka udongo wa juu, yakagonga ule wa nta, yakateremka nao, mizizi ya kuushika imeshakufa. Mchirizi mwembamba kama kamba ukawa mpana kama jembe. Msumari niliopigilia hadi kichwani wiki iliyopita umechomoza urefu wa kidole gumba; udongo wa kimo hicho umekwenda. Ng'ambo ya njia, msitu ambao haukuungua hauna hata mchirizi; ukikanyaga unabonyea kama sifongo.

Saa 12 jioni, simu kutoka kihambani, shamba letu la nyumbani Marangu, kunakopita mfongo, mfereji unaoshusha maji ya mlimani. Shikamoo mama. "Marahaba mwanangu. Maji ya mfongo leo meusi, nimeyatuliza kwenye ndoo, chini kumejaa majivu."

Nikamwomba asiyamwage, aniwekee chupa moja.