Panya, mapacha na kitambi changu

Jamani, juzi nipo zangu Mwaloni Kirumba nanunua dagaa, mama mmoja muuzaji akanitania eti mwanangu hicho kitambi umebebea nani, nikacheka ila kikaniuma, usiku nikaanza kusoma mambo ya unene nikakutana na bakteria wa tumboni!! Mwaka 2013 kule Marekani timu ya mwanasayansi Jeffrey Gordon ilichukua kinyesi, chenye hao bakteria, cha mapacha wa kike, mmoja mnene mwenzie mwembamba, wakawapandikizia panya waliokuzwa bila kijidudu hata kimoja. Waliopewa cha yule mnene wakaongeza mafuta mwilini, wengine wala, na msosi ulikuwa ule ule! Wakawekwa kizimba kimoja (panya wanakula mavi ya wenzao, samahani kama upo mezani) wale wa kunenepa wakaacha kunenepa, ila kwa msosi wa mafuta kidogo na nyuzinyuzi nyingi tu, mafuta yakizidi wapi.

Binadamu sio panya lakini, kwa watu haijanyooka hivyo, anaekuuzia vidonge vya bakteria upungue kilo mkimbie. Mi nimehamia dona, maharage na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), chipsi mayai nimepunguza (sijaacha, nisidanganye). Tumbo linanguruma balaa, wife anacheka tu. Igoma michembe mizuri anauza nani?