Niliteremka Kerio na mama mkwe kiti cha nyuma

Mama mkwe alikuja Nakuru mwezi wa nane kutibiwa macho, akafikia kwa shemeji yangu mtaa wa Shabab. Kwangu hawezi kulala; sisi watu wa Kakamega tuna heshima zetu. Mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawakai kiti kimoja, na neno lolote hupitia kwa binti. Kwa hiyo tulipokwenda kumjulia hali, nami nimekaa pale pale na kikombe changu cha chai, alimgeukia mke wangu.

"Muulize Baba Baraka kama ni kweli kuna maji yanachemka bila moto huko Baringo."

"Mwambie Mama yapo," nikasema. "Jumamosi tutampeleka akayaone."

Ningeweza kuishia hapo. Ziwa Bogoria, ndiko yaliko maji hayo, ni mwendo wa saa mbili hivi kutoka Nakuru, unakwenda na kurudi kabla jua halijazama. Lakini kurudi kwa njia uliyoendea ni kazi ya matatu, na mimi nilikuwa nimeutamani ule mzunguko miaka mingi: Mogotio, Marigat, kupanda Kabarnet, kuteremka bonde la Kerio, kupanda tena hadi Iten, kisha Eldoret na Timboroa hadi nyumbani. Zaidi ya kilomita 400 kwa siku moja. Gari langu ni la gia, injini ya cc 1300, na hadi siku hiyo mlima mkubwa liliokuwa limepanda ni ule wa kwenda mtaa wa Milimani. Ijumaa nilimpelekea fundi akaangalia pedi za breki, maji ya rejeta na upepo wa magurudumu. Akasema mambo sawa, nibebe tu lita kumi za maji. Kuhusu namna ya kuteremka hakuniambia kitu, wala sikumuuliza. Nani huuliza namna ya kuteremka?

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Mke wangu mbele, mama mkwe nyuma yangu kabisa, mahali ambapo hata kwenye kioo nisingemwona uso. Kabarak tuliipita gizani. Pale Mogotio, kwenye kibao cha ikweta, kulikuwa kumepambazuka, tukasimama mama mkwe apige picha mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Kutoka hapo ardhi inashuka polepole, mkonge unaisha, inakuja miiba ya migunga, mbuzi, na vichuguu virefu kuliko mtu. Kabla ya kufika Marigat unakata kulia kwenda Loboi, ndiko liliko lango la hifadhi.

Fika asubuhi. Si kwa sababu ya joto peke yake, ingawa saa sita mchana pale ni tanuri; ni kwa sababu ya mvuke. Hewa ikiwa bado na ubaridi, chemchemi za Loburu unaziona kutoka mbali zikifuka kama jikoni kwenye matanga. Ziwa limepanda sana tangu miaka ya 2010, limemeza baadhi ya chemchemi na kipande cha barabara ya zamani, lakini zilizobaki zinatosha. Heroe, ambao sisi Nakuru tunawaita flamingo tu, walikuwa wamejipanga ukingoni kama utepe wa waridi.

Mama mkwe alikuwa amekuja na mayai sita. Hakumwambia mtu. Aliyatoa kwenye kikapu yakiwa ndani ya neti ya vitunguu, akaifunga kwenye ncha ya fimbo yake, akasimama mbali kidogo kama alivyoelekezwa, maana ukoko wa ardhi pale kandokando ni mwembamba na watu wameungua. Akatumbukiza. Maji yalikuwa yanaruka na kurudi kwa pumzi, kama sufuria iliyofunikwa vibaya. Nikaeleza kwamba mvua huzama chini, hukutana na miamba ya moto ya Bonde la Ufa, kisha hurudi juu ikiwa hivyo. Mke wangu akamrudishia maneno yale yale, kwa Kiswahili kile kile nilichotumia. Mama akaitikia, "Aaa, sasa nimeelewa."

Baada ya dakika kumi akapasua yai la kwanza. Kiini kigumu kabisa. Akalila lote kwanza, akamwambia binti yake: "Mwambie huku mtu akikosa kuni ni mvivu."

Marigat hatukukaa. Tulinunua asali ya Baringo kandokando ya barabara, nyeusi, yenye harufu ya moshi, imetiwa kwenye chupa iliyowahi kuwa na kitu kikali zaidi. Kisha tukaanza kupanda milima ya Tugen.

Marigat iko kama mita 1,000 juu ya bahari, Kabarnet karibu mita 2,000, na kati yake ni kilomita arobaini tu za kona juu ya kona. Nusu ya njia mshale wa joto ukaanza kupanda. Hapo nilikuwa na ujuzi: ukiwasha hita ya ndani, inavuta joto kutoka kwenye injini. Nikaiwasha, madirisha chini, jua la Baringo utosini. Kimya kikatanda nyuma. Halafu sauti: "Muulize kama ana homa."

Lakini mshale ulishuka. Kabarnet tulikula wali na kuku chini ya hewa baridi, mimi nikijiona dereva kamili. Na hapo ndipo kosa lilipoanzia. Nilidhani kazi ngumu imekwisha kwa sababu tulikuwa tumemaliza kupanda.

Kutoka Kabarnet kwenda magharibi barabara inajimwaga tu. Bonde la Kerio linafunguka lote mbele yako, rangi ya udongo na ya majani yaliyokauka, na ng'ambo yake ukuta wa Elgeyo umesimama wima, juu kabisa ndiyo Iten. Mke wangu alikuwa anapiga picha. Mimi nilikuwa gia ya nne, mguu kwenye breki, kona baada ya kona, nikijipongeza kwa mwendo wa taratibu. Baada ya muda tukasikia harufu, kama ya kitambaa cha pasi kinachoungua. Nikadhani ni lori lililo mbele. Hapakuwa na lori mbele. Nilipokanyaga tena, pedali ikazama laini kama nimekanyaga godoro.

Nikaangusha gia ya tatu, ya pili, gari likanguruma na kupunguza, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo hadi tukasimama kwenye nafasi ya kando. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi. Nikakimbilia buti kuchukua ule mtungi wa maji.

"Wacha hayo maji!"

Alikuwa mzee aliyesimamisha pikapu yake ya maembe nyuma yetu. Chuma chenye moto hivyo ukikimwagia maji baridi kinaweza kupasuka, akasema. Kiache kipoe chenyewe, nusu saa au zaidi. Akanieleza, bila kunidharau, kwamba mafuta ya breki yenyewe yamechemka, yamefanya mapovu, na povu linabonyea bila kusukuma kitu. "Kijana, mlima unateremka na gia ambayo ungeupandia. Huu ungeupanda na gia gani?"

"Ya pili, Mzee."

"Basi. Injini ndiyo ishike gari. Breki ni ya kukumbusha tu, unagusa, unaachia."

Akatuachia maembe manne, akakataa pesa. Tulikaa kivulini dakika arobaini. Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya jiwe, amelalia fimbo yake, anatazama bonde. Sikujua niweke wapi uso wangu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake miaka tisa iliyopita, akanisemesha bila kupitisha kwa mtu.

"Mkwe, hiyo gia ya pili ni ipi?"

Nikamwonyesha kwa kidole kupitia dirishani. Akatikisa kichwa kama aliyesoma risiti.

Tukaendelea, gia ya pili, injini ikilalamika sauti ya juu, pedali imerudi kuwa ngumu. Kero ni kwamba wenye haraka wanakupigia honi. Wapige. Chini kabisa, kwenye daraja la korongo la Cheploch, mto Kerio unapita kwenye ufa mwembamba wa mwamba ukielekea kaskazini, ziwa Turkana. Vijana wa pale hupiga mbizi kutoka juu ya mwamba kwa malipo kidogo. Mmoja aliruka, nikahesabu sekunde, na mama mkwe alikataa kutazama hadi kichwa kilipoibuka.

Kupanda kupitia Tambach sikuelezi sana: gia ya pili na ya kwanza, hita tena, safari hii bila maswali kutoka nyuma. Iten, mita 2,400, tulisimama ukingoni tukanywa chai tukitazama chini tulikotoka. Wakimbiaji walikuwa wanapita vikundi vikundi, hawatoi hata jasho la kuonekana. Ndiko David Rudisha alikonolewa na Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland, kabla ya kukimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 London mwaka 2012. Mimi nilipanda ngazi tatu za mkahawa nikahema.

Nikifanya tena, nitatoka Bogoria mapema zaidi. Zile dakika arobaini zilitugharimu mwanga. Timboroa tulivuka ikweta mara ya pili siku hiyo, safari hii kwenye baridi ya kuvalia koti, na tulipofika Sachangwan giza lilikuwa limeingia. Mteremko ule hadi Salgaa kila mtu wa Nakuru anaujua. Ndipo lori la mafuta lilipowaka Januari 2009 na kuua zaidi ya watu mia moja, na kwa miaka malori yamekuwa yakiteleza pale kwa gia huru ili dereva aokoe dizeli, hadi breki zinachoka kama zangu zilivyochoka, ila nyuma yake kuna tani ishirini na kitu. Siku hizi kuna ukuta wa zege katikati. Bado moyo unadunda.

Taa za malori zilikuwa zimejaa kwenye kioo. Nikaangusha gia. Kutoka nyuma yangu, sauti ya mtu niliyedhani amelala:

"Umeweka gani?"

"Ya tatu, Mama."

"Weka ya pili."