Masika, marejesho na ratiba ya siku

Kwa sisi tunaouza dagaa katika mialo ya Mwanza, yaani fukwe za Ziwa Victoria ambako mitumbwi ya uvuvi hushusha samaki, kipindi kigumu cha mwaka hakiji kwa kushtukiza. Kuanzia Machi hadi Mei mvua za masika hushika kasi, dagaa walioanikwa mchangani na juu ya vichanja hukosa jua la kuwakausha, na mzigo uliokusudiwa kuliwa na watu hapa nchini au ng'ambo ya mpaka, Kongo, huishia kununuliwa kwa bei ya hasara na watengenezaji wa chakula cha kuku. Wakati huohuo rejesho la mkopo wa kikundi linadaiwa siku ileile ya wiki, ada ya shule inataka kulipwa mvua inyeshe isinyeshe, na mkopeshaji wa mtaani, yule ambaye mikopo yake watu wameiita kausha damu, anapiga simu kabla hujanawa uso. Hapo usingizi huanza kuruka, hasira huwa karibu, na chakula cha mchana hugeuka soda na andazi lililoliwa ukiwa umesimama.

Nimekaa katika biashara hii miaka ya kutosha kuona kwamba wanaovuka masika wakiwa na afya na akili tulivu si lazima wawe wenye mtaji mkubwa. Wengi wao ni watu wa ratiba, tena ratiba ndogo, ambayo mtu wa nje akiitazama hataona kitu cha kumshangaza. Nimeandika haya kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu nidhamu yanayosambazwa katika simu zetu yanatoka kwa wahamasishaji wanaomtaka kila mtu aamke saa 10 alfajiri, akimbie kilomita kadhaa, asome, aandike malengo na kuoga maji baridi kabla jua halijachomoza. Sina ugomvi na anayeweza. Ila ushauri huo ukimpa mama aliyekesha ufukweni akisubiri mitumbwi irudi, umemwongezea mzigo mwingine, na akishindwa siku ya tatu atajiona mvivu ilhali tatizo ni ratiba isiyolingana na maisha yake.

Nidhamu ya wakati mgumu, kwa jinsi ninavyoielewa, ni kupunguza idadi ya mambo ambayo mtu analazimika kuyaamua akiwa amechoka. Wavuvi wa dagaa wanalijua hili bila kufundishwa darasani. Uvuvi wao hufanyika usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, siku hizi nyingi ni taa zinazochajiwa kwa jua. Mwanga huo huwavuta dagaa kwa kuwa pande zote ni giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hupoteza nguvu yake, dagaa hutawanyika, na mitumbwi hukaa nchi kavu kwa siku kadhaa. Hakuna mvuvi anayekaa jioni akijadiliana na nafsi yake kama ana moyo wa kwenda ziwani leo. Giza likiwapo anakwenda, mbalamwezi ikiwapo anashona nyavu, ananyoa nywele, anakwenda kuwaona wazazi. Uamuzi umeshafanywa na kitu kilicho nje ya hisia zake.

Wataalamu wa saikolojia wamelifikia jambo hilohilo kwa njia yao. Mwaka 1999 Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alieleza kwamba mtu anayepanga kwa kusema «jambo fulani likitokea, nitafanya hivi» hutekeleza azma yake vizuri zaidi kuliko yule anayesema tu kwamba anakusudia kubadilika. Kinachotakiwa basi ni kutafuta jambo ambalo tayari linatokea kila siku bila jitihada yako, kisha kuliegemezea desturi mpya. Mwanza ina mambo ya namna hiyo kwa wingi. Tupo karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi, na tofauti kati ya msimu mmoja na mwingine ni kama nusu saa tu. Watu wa Ulaya wanaoandika vitabu vya ratiba za asubuhi wana majira ya baridi yanayowanyima mwanga hadi saa mbili au saa tatu. Sisi tuna saa ya ukutani angani, ambayo haihitaji betri.

Mimi si Mwislamu, lakini egemeo la asubuhi yangu ni adhana ya alfajiri inayosikika kutoka msikiti ulio chini ya mlima wetu, saa 11 na nusu hivi. Nikiisikia nakaa kitako kitandani, nakunywa bilauri ya maji iliyowekwa tangu usiku, nasali, kisha natoka nje kukaa juu ya jiwe lililo nyuma ya nyumba mpaka kupambazuke. Simu haipo karibu. Inalala jikoni, juu ya kabati la vyombo, ikichajiwa, na sababu yake ni makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara. Bei ya gunia iliyoshuka usiku, picha ya lori lililokwama matopeni, ujumbe wa sauti wa mdai: hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoweza kutatuliwa saa 11 na nusu, lakini vyote vinaweza kuiteka siku nzima kabla haijaanza. Nusu saa ya kuchelewa kuzijua habari hizo haijawahi kunigharimu mteja. Mwanga wa asubuhi nao una kazi yake mwilini, kwa kuwa ukiingia machoni huusaidia mwili kupanga saa yake ya ndani, na saa hiyo ikipangika asubuhi, usiku usingizi huja kwa wakati.

Swali ambalo wenzangu huuliza ni muda gani unahitajika mpaka jambo lizoeleke. Siku 21 zinazotajwa kila mahali hazina msingi wa kuaminika. Utafiti ninaoutegemea ulifanywa na Phillippa Lally na wenzake wa University College London, ukachapishwa mwaka 2010. Washiriki 96 walichagua kila mmoja jambo moja dogo la kula, kunywa au mazoezi, wakaliegemeza kwenye tukio la kila siku kama vile kumaliza kifungua kinywa, na wakafuatiliwa kwa wiki 12. Muda wa kawaida wa jambo kufanyika bila kulifikiria ulikuwa kama siku 66, lakini kati ya mtu na mtu ulitofautiana mno, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Mambo mepesi kama kunywa maji yalizoeleka upesi, mazoezi yalichukua muda mrefu zaidi. Jambo lililonifariji kuliko yote ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Kwa hiyo anayetaka kuvuka masika ya Aprili akiwa na desturi imara ni vema aanze Januari au Februari, wakati jua lipo na akili ina nafasi. Kuanzisha desturi mpya katikati ya dhoruba kunawezekana, ila iwe moja tu, na iwe ndogo kiasi cha kukutia aibu kuisimulia.

Kuhusu mazoezi sina mengi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaoufanya moyo udunde kiasi, na kwa anayeishi Igogo, Mabatini au mlima mwingine wowote wa mawe ya jiji hili, kupanda na kushuka kwa miguu kunatosha kutimiza sehemu kubwa ya hesabu hiyo bila kununua raba mpya. Ninachofanya ni kuteremka kwa miguu hadi barabara kuu badala ya kuita bodaboda mlangoni. Wageni hunishauri niogelee, kwa kuwa ziwa lipo pale. Waniwie radhi: fukwe zetu nyingi zina kichocho, na mtu anayetafuta utulivu wa akili hana haja ya kwenda kutafuta prazikwanteli, vidonge vya kuutibu ugonjwa huo.

Penye kazi kubwa ni jioni na usiku. Mwili ulio katika hofu humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo hukimbia na misuli hukaza, jambo linalomfaa sana mtu anayemkimbia kiboko na lisilomfaa kabisa anayehesabu madeni kitandani saa 8 usiku. Wengi wetu huongeza tatizo hilo kwa kahawa. Muuza kahawa hupita jioni na birika lake na vikombe vinavyogongana, kijiwe kinanoga, kashata zipo, na mazungumzo ya mpira hayana mwisho. Lakini kafeini, kichangamsho kilicho ndani ya kahawa, huchukua saa tano hivi kupungua nusu mwilini, kwa maana kwamba kikombe cha saa 1 jioni kinakuwa bado na nusu ya nguvu yake saa 6 usiku. Sijaacha kijiwe, maana kijiwe ni dawa kwa namna yake. Nimeacha kikombe cha pili, na cha kwanza nakinywa kabla ya saa 10 alasiri. Baada ya hapo nakaa na wenzangu na kashata mkononi, na wamekwisha kuacha kunitania.

Kisha kuna daftari. Ni lile la kurasa ndogo linalouzwa kwa wanafunzi, limefungwa kwa uzi kwenye kalamu ili kalamu isichukuliwe na watoto. Nikimaliza kula chakula cha jioni naliandika kwa dakika chache, na ukurasa mmoja unasomeka hivi: «Kumpigia dereva wa fuso kabla ya saa 2. Turubai la kichanja cha mwisho limetoboka, kushona. Rejesho Ijumaa, bado elfu 40: kumwomba mteja wa Buzuruga alipe nusu. Kununua dawa ya bibi.» Hakuna hisia zilizoandikwa pale, wala shajara ya maisha yangu. Ni mambo ya kesho tu, kila moja likiwa limeandikwa kwa namna ambayo kesho nitajua nianzie wapi. Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa Baylor University, Marekani, walichapisha jaribio la vijana 57 waliolala katika maabara: walioandika kwa dakika tano mambo wanayopaswa kuyafanya siku zijazo walipata usingizi kama dakika tisa mapema kuliko walioandika mambo waliyokwisha kuyakamilisha, na kadiri orodha ilivyokuwa na maelezo mahususi ndivyo usingizi ulivyowahi. Dakika tisa si nyingi. Hata hivyo, aliyewahi kulala akiwa na rejesho kichwani anajua kwamba dakika za mwanzo ndizo zinazoamua kama usiku utakuwa wa kulala au wa kugeukageuka.

Jambo ambalo wahamasishaji hulisahau kabisa ni mapumziko yaliyopangwa. Mvuvi ana mbalamwezi. Mfanyabiashara, mwalimu na dereva wa daladala hawana, na wakibanwa huanza kukata vitu vilivyokuwa vikiwashikilia: kwaya, mazoezi ya mpira ya Jumapili, kikao cha ukoo, kumtembelea jirani aliyefiwa. Wanadhani wanaokoa muda. Kwa maoni yangu hapo ndipo mtu anapoanza kudhoofika kweli, kwa sababu anabaki na wadai wake tu kama watu anaozungumza nao. Mimi Jumapili baada ya ibada sifungui daftari la biashara mpaka Jumatatu, hata kama kuna lori linapakiwa. Mwanzoni shemeji yangu, ambaye tunashirikiana mtaji, alilalamika kwamba wenzetu wanatupita. Tulikubaliana kwamba Jumapili simu za mzigo atazipokea yeye, na Jumatano mchana atapumzika yeye. Bila mpango wa watu wawili, desturi hii ingekufa masika ya kwanza.

Ni haki kusema pia kwamba ratiba hailipi deni. Anayedaiwa riba ya kausha damu anahitaji kwanza kuondoka katika mkopo huo, kwa kuuza kitu au kuomba msaada wa ndugu, na bilauri ya maji ya alfajiri haitamfanyia kazi hiyo. Tena kuna huzuni isiyotibiwa kwa desturi. Mtu akipitisha wiki mbili au zaidi bila usingizi wa maana, bila hamu ya kula, bila kufurahia alichokuwa akikipenda, au akianza kuwaza kujidhuru, huyo apelekwe kwa daktari kama anavyopelekwa mwenye malaria, na asiambiwe ajikaze.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii, ningemshauri aandike matoleo mawili ya ratiba yake: la siku ya kawaida na la siku mbaya. La siku ya kawaida linaweza kuwa na matembezi, sala, chakula cha mchana alichokila akiwa ameketi, na daftari. La siku mbaya, yaani siku ya rejesho au siku ambayo mvua imeanza saa 11 alfajiri na dagaa wote wako mchangani, lina mambo mawili peke yake. Langu ni maji ya alfajiri na simu kulala jikoni. Siku hizo sitembei, natafuta turubai.