Ukija Mũi Né, anzia kwa wavuvi

Wenzangu wanaopanga safari ya Vietnam wakisikia naishi Phan Thiết, mji wa pwani kusini mwa nchi hiyo, huniuliza hoteli ipi nzuri Mũi Né, upande wetu wa fukwe za watalii. Nawajibu, kisha nawaomba jambo moja: kabla hamjatandika taulo ufukweni, nendeni kwanza kwa wavuvi. Huu ni mji wa dagaa, utalii umeukuta hapa.

Hoteli zenyewe umri wake mdogo. Wenyeji huhesabu tangu tarehe 24 Oktoba 1995, jua lilipopatwa kabisa na umati ukamiminika pwani hii kulitazama. Waliokuja wakaona minazi, mchanga na bahari tulivu, na haukupita muda ujenzi ukaanza kando ya barabara ya Nguyễn Đình Chiểu, mtaa wa Hàm Tiến. Leo ukanda mzima ni hoteli na mikahawa, na mabango mengi yameandikwa Kirusi. Tangu barabara ya mwendo kasi kutoka Dầu Giây, upande wa Ho Chi Minh City, ifunguliwe mwaka 2023, watu wa jiji hilo nao hujaa wikendi, maana ni kilomita 200 hivi tu.

Zipite zote hizo, uendelee hadi kwenye ghuba ya kijiji cha wavuvi, na ufike alfajiri. Mashua za mbao zilizopakwa rangi ya buluu zimetia nanga mbali kidogo na ufukwe. Samaki huletwa pwani kwa thúng, vyombo vya mviringo vilivyosukwa kwa mianzi na kupakwa utomvu wa miti ili maji yasipenye, ingawa siku hizi vingi ni vya plastiki. Havina omo wala tezi. Mvuvi husimama upande mmoja, akalichezesha kafi mbele yake kulia na kushoto bila kulitoa majini, na chombo kikaenda moja kwa moja. Mimi ni mtoto wa Pangani, nimekulia kwenye ngalawa, na bado kazi hiyo hunisimamisha nikaitazama.

Mashua kubwa zina macho yaliyochorwa kwenye omo. Mitepe ya Lamu ilikuwa na macho vilevile. Kila nikiyaona huwaza mabaharia wetu wa zamani, waliotaka chombo kione njia kama wanavyotaka hawa.

Thúng ikigusa mchanga, kazi inahamia kwa wanawake. Wamevaa kofia pana za majani, nyuso wamezifunika vitambaa wasiungue na jua, na wao ndio wanaochambua, wanaopima na wanaopanga bei. Ngisi huku, kaa kule, chaza na kome kwenye mabeseni, dagaa mchele kwenye matenga. Bei husemwa haraka na ubishi huwa mkali, kisha mtu anacheka na mzigo unapakiwa kwenye pikipiki. Ndugu mgeni, usije na kamera tu. Nunua kilo ya kitu, keti kwenye kistuli cha plastiki, wakupikie hapohapo.

Wale dagaa ndio waliojenga mji. Phan Thiết inajulikana Vietnam nzima kwa nước mắm, mchuzi wa samaki, na jirani yangu mmoja, bibi ninayemwita shangazi kama desturi ya huku inavyotaka, anautengeneza nyuma ya nyumba yake. Huchukua dagaa sehemu tatu na chumvi sehemu moja, akavishindilia kwenye pipa kubwa la mbao na kuacha mwaka mzima, wakati mwingine zaidi. Hakuna moto. Chumvi na joto la mji huu vinamaliza kila kitu. Chini ya pipa kuna bomba dogo. Siku aliyoniita, alilifungua kidogo tu, akanidondoshea tone kiganjani, wekundu wake kama wa asali ya nyuki wadogo. Chumvi ilitangulia, halafu ukaja utamu wa samaki uliokaa ulimini muda mrefu. Akaniambia, "Mwanangu, kwanza harufu, bei baadaye." Ule unaotoka mwanzo ndio ghali. Pipa likimwagiwa maji ya chumvi na kukamuliwa tena, unaofuata huwa hafifu.

Mchuzi huo umeingia hata kwenye historia ya nchi. Mwaka 1906 wazalendo wa hapa walianzisha kampuni ya Liên Thành, iliyouza nước mắm, na mwaka uliofuata wakafungua shule ya Dục Thanh. Mwaka 1910 alifundisha hapo kijana aitwaye Nguyễn Tất Thành, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Hồ Chí Minh. Shule ingali inatembelewa, karibu na mto.

Karibu na bandari kuna Vạn Thủy Tú, hekalu lililojengwa mwaka 1762 kwa heshima ya nyangumi. Ndani kuna mifupa ya nyangumi mmoja mwenye urefu wa mita 22. Wavuvi huamini kwamba nyangumi huokoa watu wakati wa dhoruba, na anayemwona kwanza nyangumi aliyekufa humwombolezea kama mtoto wa kwanza anavyomwombolezea mzazi. Mimi ni Mwislamu na sisali pale, lakini niliingia kwa adabu. Watu wanaoiheshimu bahari kiasi hicho nawaelewa.

Sasa fukwe. Hàm Tiến inaniumiza roho. Bahari imekula mchanga, baadhi ya hoteli zimejenga kuta, na bahari ikizuiwa kwa mmoja huhamia kwa jirani. Maji yakijaa, kuna sehemu unashuka ngazi za zege na kukanyaga maji moja kwa moja. Naona wangeacha minazi na nafasi, pwani ingejilinda. Nenda Hòn Rơm badala yake, au upande wa kusini hadi Kê Gà, kwenye mawe makubwa ya mviringo na mnara wa taa uliokamilishwa na Wafaransa mwaka 1899, kisiwani. Vilima vyeupe vya mchanga vya Bàu Trắng viko kando ya ziwa la maji baridi. Wahi kabla ya jua kuwaka na kabla ya pikipiki za magurudumu manne kuanza kelele.

Kuhusu majira: wanaoteleza kwa tiara juu ya mawimbi huja kati ya Novemba na Machi, upepo wa kaskazini-mashariki ukiwa mkali, na vyumba hupanda bei. Mimi nawashauri Juni au Julai. Mvua hunyesha, lakini aghalabu ni ya muda mfupi, vyumba ni rahisi, na ndiyo miezi dagaa wanapojaa. Shangazi hununua akiba yake ya mwaka wakati huo, na hapendi mtu anayechelewa kuamka.