Papa wa Saint-Marc

Baba mkwe alikuwa mtu wa Lubumbashi, ila ujanani alisoma Liège, Ubelgiji, na huko ndiko alikoiona Les Vacances de Monsieur Hulot, filamu ya Jacques Tati ya mwaka 1953. Aliiona sinema. Mimi niliikuta kwenye runinga, miaka mingi baadaye. Jioni moja ya mvua, nyumbani kwake Brussels, tukaanza kuisimulia kwa kupokezana, huyu akimkatiza yule, mpaka mama mkwe akachoka nasi akaenda zake jikoni.

Tulikwenda vizuri hadi kwenye mtumbwi. Nikasema unakunjika katikati Hulot, mhusika mkuu, akiwa ndani, ncha zake zinafumba na kufumbua kama taya, na watu wa ufukweni wanatimua mbio wakidhani ni papa.

Mzee akatikisa kichwa. "Mukwe, ile haikukuwaka mu filme."

"Baba, nimeiona kwa macho yangu."

"Na mimi nilikuwa kipofu?"

Nikanyamaza, na mkwe hubishani mpaka mwisho. Lakini moyoni sikukubali.

Safari iliyofuata nikaja na diski ya Blu-ray. Tukaiweka kwenye deki, na orodha ilipotokea, haya: matoleo mawili, la 1953 na la 1978. Tati hakujua kuiacha filamu yake ipumzike. Aliikatakata na kuiunga tena miaka nenda rudi. Baada ya Jaws, ile filamu ya papa ya Marekani iliyotoka 1975, kuwatia watu hofu ya bahari, alirudi Saint-Marc-sur-Mer, pwani ileile alikoirekodi filamu, akarekodi kichekesho cha papa na kukipachika humo. Mzee aliona la zamani, mimi jipya. Hakusema kitu. Alinyoosha mkono tu, nikampa rimoti.

Akaanza na lake, bila shaka. Spika za stesheni zinakoroma maneno yasiyoeleweka, abiria wanakimbia kutoka jukwaa hili hadi lile. Mzee akawa anapiga goti lake. Hulot anapaka mtumbwi rangi, wimbi linaubeba mkebe bila yeye kuona, linauzungusha, na kila akinyoosha brashi upande wa pili, mkebe umeshafika, unamngoja. Hapo alirudisha nyuma, akatazama tena, akarudisha tena. Mpira wa tairi la gari ukaanguka, ukanata majani, waombolezaji wakaupokea kama shada la maua, na Hulot akajikuta kwenye mstari anapewa mikono ya pole. Mama mkwe, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko, alicheka mpaka akakaa chini.

Tulipofika kwenye toleo la pili, mzee alilitazama kimya hadi pale papa alipotokea. Akacheka, nilimwona, ila alijifanya anakohoa.

"Hii ya papa utarudi nayo kwako," akasema. "Ile ingine inabakia hapa."

Nikamkumbusha kwamba zote ziko kwenye diski moja.

"Basi inabakia hapa."