Mwani wa Bei Uko Kwenye Kina

Mama yangu mdogo kazaliwa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kaolewa Jambiani, na nyumba yake iko karibu na bahari hivi kwamba usiku wimbi unalisikia ukiwa kitandani. Kuogelea hajui. Dada zake hawajui, na mimi sijui. Tangu nirudi mjini jambo hili halijanitoka kichwani, maana siku hizi kwetu kuogelea kunaamua nani apate pesa na nani abaki anaangalia.

Bahari yetu iligawanywa zamani. Maji yakitoka, ile sehemu inayobaki wazi kuelekea mwambani ni ya wanawake, wenye kuokota chaza na kuchokoa pweza mashimoni. Nje ya mwamba ni kwa wanaume na ngalawa zao. Mvulana hufunzwa kuogelea kwa kusukumwa majini na kaka zake, watu wakacheka. Msichana maji yakimfika kiunoni anaitwa arudi: nguo zitamganda, watu watamuona. Hakuna aliyewahi kukaa akaiandika sheria hiyo.

Kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, kiliangukia humo humo kwenye maji machache. Unafunga mbegu kwenye kamba, kamba kwenye vijiti, unangoja bamvua maji yatoke vizuri, kisha unainama mpaka yarudi. Wanaume nao walijaribu. Walipoiona bei ya kilo, wengi walirudi kwenye samaki au wakafuata kazi za mahoteli. Ikawa kazi ya wanawake, na ilisemwa kwa dharau. Kwa pesa hiyo ya dharau mama mdogo aliezeka bati, akasomesha, na (hili hulisema mwenyewe huku akicheka) akaacha kuomba hela ya chumvi. Nimesikia hotuba nyingi za usawa hapa mjini, baadhi nzuri sana, lakini sijasikia iliyolifikia neno hilo la chumvi.

Sitaki kuupamba mwani. Mgongo unauma, macho yanachomwa na mng'ao wa maji, na bei hapangi mkulima. Mnunuzi anakuja nayo. Mzigo unasafirishwa nje, unatolewa karajini, yaani unga wa kuzipa uzito aiskrimu na dawa za meno.

Halafu bahari ikazidi joto. Mwani tunaolima ni wa aina mbili. Spinosamu ni mvumilivu na bei yake ni ya chini. Kotonii unalipa zaidi, ila hauwezi maji machache yaliyochemka, hasa wakati wa kaskazi jua linapokuwa kali. Unapauka, unakatika, unaondoka na maji. Unataka kina, kwenye ubaridi. Na kwenye kina unahitaji chombo, na uwe unajua kuogelea. Kwa hiyo mwani wa bei umehamia upande wa wanaume, na waliokilea kilimo hiki kwa miaka zaidi ya 30 wameachiwa ule wa rahisi. Hakuna mtu aliyewafukuza.

Hapo ndipo ninapokwama. Wazee wetu wa Unguja walisimulia mgao wa chakula wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jinsi mchele ulivyofuata kabila lililoandikwa kwenye kadi. Uchaguzi wa mwaka 1957 mwanamke hakupiga kura. Dhuluma ya namna hiyo ina karatasi, na karatasi unaweza kuipinga ikafutwa. Tangu Machi 2021 Rais wa nchi ni mwanamke, tena mzaliwa wa Makunduchi, jirani zetu kabisa. Najivunia, sitajifanya sijivunii. Lakini kutoka kijiji chake mpaka chetu pwani ni ile ile, na sijui ni karatasi ipi ya kufuta ili mama mdogo afike kwenye kina.

Hata ufuo wenyewe una madaraja yake. Kwenye hoteli moja niliyopita, waliokuwa wakifagia mwani uliotupwa na mawimbi walikuwa vijana wa kijijini, na aliyewasimamia hakutoka hata Tanzania. Mgeni mmoja alinyanyua simu akawapiga picha wanawake waliokuwa shambani, bila kuuliza. Naye anajua kuogelea, bila shaka, na alikuja kwa ajili hiyo.

Nikamweleza mama mdogo kwamba kule Nungwi wasichana wamefunzwa kuogelea na walimu wanawake, wamevaa nguo za stara. Nilidhani nimemletea habari njema. Akaniangalia, mkono haujaacha kufunga mbegu.

"Vizuri, mwanangu. Mjukuu wangu na aende. Lakini mimi nikishajua kuogelea na chombo sina, nitakwenda na kamba mdomoni?"

Sikuwa na jibu. Kumbe wenzake wa kikundi wameshaanza kuchangishana, kidogo kidogo kila wakiuza, wanunue chombo chao. Mume wa mmoja wao amejitolea kiandikwe kwa jina lake, eti kurahisisha mambo. Wamemshukuru sana, wakampa na chai. Kitaandikwa jina la kikundi.