Kodi Yenye Pengo

Kwa muda mrefu nilidhani kwamba mpiga gitaa la ridhimu, yule anayeshikilia mapigo ya wimbo, hupimwa kwa wingi wa nyuzi anazoziliza kwa mpigo mmoja. Jumamosi moja tulikuwa watatu nyumbani kwangu South B, Nairobi, na mzee wetu wa banjo akaacha kupiga katikati ya wimbo na kuniuliza, "Ndugu yangu, umejaza chumba chote, sisi wengine tukae wapi?"

Blugrasi ya asili, muziki wa nyuzi wa Marekani tunaoupiga, haina ngoma. Gitaa hupiga uzi mnene, kisha hupangusa nyuzi nyembamba, sambamba na mandolini, ala ndogo ya nyuzi, inayopigwa na kukatwa sauti kwa ukali kwenye mpigo wa pili na wa nne. Ukipangusa nyuzi zote sita, mkato huo unazama.

Tangu siku hiyo kodi yangu ya G, yaani noti zinazolia pamoja (sizungumzii ile ya mwenye nyumba), ina pengo: uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, naubana kwenye freti ya tatu (freti ni vile vijiti vya chuma kwenye shingo ya gitaa), na kidole hichohicho kinaugusa wa tano usitoe sauti, wa nne na wa tatu naziacha wazi, halafu wa pili na wa kwanza nazibana kwenye freti ya tatu. Zinabaki noti za G na D tu. B, inayoamua kama kodi ni ya furaha au ya huzuni, imeondoka, nami siijutii, kwa kuwa kule chini ilisikika kama tope, na pia kwa kuwa waimbaji wa mtindo huu hupenda kuiteremsha kidogo noti hiyo, hivyo gitaa likiing'ang'ania, linagombana nao.

Kwa nyimbo za ufunguo wa D hulegeza uzi wa sita kutoka E hadi D, na mngurumo wake ni mtamu kweli. Gharama yake ni kwamba G ya chini inahamia freti ya tano, na ule mkimbio wa besi, yaani mfululizo wa noti za chini wa kufungia mstari, ulioshikamana na jina la mpiga gitaa Lester Flatt, aliyejiunga na bendi ya Bill Monroe, anayeitwa baba wa blugrasi, mwaka 1945, unapoteza mahali pake pa kuanzia. Kuzipanga nyuzi zote sita kuwa D-G-D-G-B-D sikupendi kwa ridhimu, maana B inarudi kila ninapopangusa nyuzi wazi. Wimbo ukiwa wa ufunguo wa A, naweka kapo, kibanio cha kubana nyuzi zote, kwenye freti ya pili, na pengo langu linapanda nalo.

Jumamosi iliyopita mzee hakuacha kupiga. Alilalamikia kapo tu, kwamba inabana mno hadi uzi wa tatu unapanda sauti.